Simba wa Wenzetu, Papa wa Kwetu

Wazee wetu, mama zetu, ndugu na vijana, assalaam aleikum.

Mei 2023, kule Mbirikani karibu na Amboseli, simba sita waliuawa kwa siku moja baada ya kula mbuzi 11 na mbwa. Siku chache kabla, wafugaji walikuwa wamemchoma mkuki Loonkiito, dume mzee wa miaka 19. Hapa Mombasa barazani watu walisema wafugaji wale hawana huruma. Hasara ilikuwa kubwa, sikatai: hesabu ya mwaka 2021 ilipata simba 2,589 nchi nzima. Lakini ni rahisi kumhurumia simba ukiwa Kisauni. Mwenye mbuzi analala simba akiwa nyuma ya boma.

Sisi wa pwani mnyama wetu mkali yuko baharini. Tumemtendea nini papa?

Nenda pale boti zinaposhusha samaki alfajiri. Utamkuta papa pingusi mdogo amelazwa sakafuni, kichwa kimetanuka kama nyundo, hazidi urefu wa mkono. Mgeuze. Katikati ya mapezi ya kifuani utaona kovu la kitovu, bado halijafunga. Huyo amezaliwa juzijuzi. Mama yake alimbeba karibu mwaka mzima, na kwa makadirio mengi alikuwa ameishi zaidi ya miaka 10 kabla ya kupata mimba ya kwanza. Changu hutaga mayai maelfu kwa maelfu, papa hana uwezo huo. Ukimvua mtoto wake leo, pengo lile halizibiki mwakani.

Sisemi haya kuwalaumu wazee. Papa wa ng'onda kwa mchuzi wa nazi ni chakula chetu, na ini lake lilitoa sifa, yaani mafuta, ya kupaka majahazi yaliyokuja hapa Bandari ya Kale. Walimvua, walimwogopa, na hakuna walichokitupa. Kilichobadilika ni nyavu za jarife za nailoni, injini, na soko la mapezi la Asia ya Mashariki. Tangu 1970 papa na samaki taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 duniani. Papa upanga, wazee hapa wanamkumbuka. Vijana wengi hawajamwona hata mmoja.

Na hofu? Mwaka mzima, dunia nzima, watu wanaouawa na papa hawafiki 20.

Wako wanaomtetea papa kwa sababu huleta watalii wapiga mbizi. Hoja hiyo siiamini. Siku watalii wasipokuja, papa amekwisha haki yake? Mimi nasema ana haki ya kuishi hata kama hatuingizii shilingi, na haki hiyo inatudai sote tunaokula samaki, wala si mvuvi peke yake. Mvuvi wa Mtongwe akimrudisha mtoto wa pingusi majini, amerudisha unga wa jioni. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini uliwaweka pingusi chini ya udhibiti mwaka 2013, lakini unahusu kinachovuka mipaka. Sufuria zetu haziguswi.

Kule Amboseli, tangu 2007, wako morani wanaolipwa kufuata nyayo za simba na kuwaonya wachungaji mapema. Wengine wao waliwahi kuua simba. Hawakuhubiriwa tu, walipewa kazi na heshima. Kwetu pia inawezekana: mvuvi abadilishiwe jarife, alipwe kwa kumwachia mtoto wa papa na kuandika alipomkuta, na pale papa wanapozalia pafungwe kwa msimu. Nasi wanunuzi tukatae papa mdogo mezani, hata akiwa rahisi.

Nawaona viongozi wa BMU, vikundi vya usimamizi wa fukwe, wamekaa pale nyuma. Kabla ya maswali, nawaomba wao waanze kusema, maana wanajua ni ghuba gani watoto hawa wanatoka.