Karatasi ya Saini na Kura Yako: Hoja za Wananchi Katika Jimbo la Michigan

Hamjambo wote. Shikamooni wazee wetu. Ahsanteni kwa kuacha mapumziko ya Jumamosi na kuja kukaa ukumbini.

Karatasi hii niliyoishika mmeshaiona, kama si mlangoni mwa duka basi nje ya maktaba, au pale vijana wetu wanapochezea mpira. Mtu anakusogelea na kibao mkononi, kalamu kaifunga kwa uzi. "Wewe ni mpiga kura wa Michigan? Nisaidie saini moja tu." Wengine tunasaini ili atuachie njia. Wengine tunapita upesi tukidhani anauza bima. Mwaka juzi nilimwona mama mmoja wa hapa Grand Rapids akiuliza, "Mwanangu, hiki ninachosaini kinasema nini?" Kijana akajibu kwa sentensi moja, na kiganja chake kimefunika maandishi. Mama akarudisha kalamu. Alifanya vizuri sana, na yeye ndiye aliyenifanya niombe nafasi ya kuzungumza leo.

Kwa nini nalishikilia jambo hili? Kwa sababu karatasi hii ndiyo njia ya mtu wa kawaida kupeleka sheria mbele ya wapiga kura bila kuwa mbunge na bila kumpigia gavana magoti.

Nchi hii ya Marekani haina kura ya maoni ya taifa zima. Mambo haya yako mikononi mwa majimbo, na si yote yanayompa mwananchi ruhusa ya kuanzisha hoja mwenyewe. South Dakota ndiyo iliyotangulia, mwaka 1898. Oregon ikaingia 1902. Sisi wa Michigan tunafuata katiba ya 1963, nayo imetufungulia milango mitatu. Tunaweza kupendekeza sheria mpya. Tunaweza kupendekeza badiliko la katiba yenyewe. Na tunaweza kuipeleka mbele ya wapiga kura sheria iliyopitishwa na Bunge, waikubali au waikatae.

Bei ya kila mlango ni saini. Zinahesabiwa kwa kutazama kura zilizopigwa kumchagua gavana mara ya mwisho: asilimia 8 kwa sheria, 10 kwa katiba, 5 kwa kupinga sheria. Kwa hesabu ya uchaguzi wa 2022, sheria inataka saini 356,958, badiliko la katiba 446,198. Kwa hayo mawili, saini yenye umri wa zaidi ya siku 180 haihesabiwi. Kwa hiyo ni miezi sita ya kusimama kwenye jua na kwenye theluji.

Mtu atasema, laki nne na nusu, nani ataziweza asiye na mamilioni ya dola? Nitawajibu kwa jambo lililoanzia huku huku kwetu, magharibi ya Michigan. Novemba 10, 2016, siku mbili baada ya uchaguzi, binti mmoja anaitwa Katie Fahey aliandika maneno machache kwenye Facebook. Alisema anataka kushughulikia suala la mipaka ya maeneo ya uchaguzi, na anayetaka kusaidia amwambie. Hakuwa mwanasiasa.

Wakati ule mipaka ilichorwa na wabunge wenyewe. Chama chenye nguvu kinachukua mtaa wenye wapinzani wengi, kinaukata vipande vinne, na kila kipande kinamezwa na eneo la jirani. Mnapiga kura mpaka mnachoka, mtu wenu hapiti.

Watu wakamjibu. Wakaunda kundi, wakaliita Voters Not Politicians, wakafanya mikutano 33 kwa siku 33 wakiuliza watu wanataka nini. Ndipo wakaandika pendekezo. Nisikilizeni hapa: walisikiliza kwanza, kalamu ikaja baadaye. Halafu wakaingia barabarani, watu wa kujitolea, wakakusanya saini zaidi ya 425,000 katika siku 110. Kiwango cha wakati ule kilikuwa 315,654. Wapinzani wakaenda mahakamani kuzuia, lakini Mahakama ya Juu ya Michigan ikaliruhusu pendekezo kwa majaji wanne dhidi ya watatu. Novemba 2018 asilimia 61 ya wapiga kura wakasema ndiyo. Leo mipaka inachorwa na tume ya raia 13: wanne wa Democratic, wanne wa Republican, watano wasio wa chama chochote. Siyo kwamba tume haikosei. Mwishoni mwa 2023 mahakama ya shirikisho iliamuru maeneo 13 ya Detroit yachorwe upya. Lakini leo mwananchi anaweza kuomba kuwa miongoni mwa wale 13, jambo ambalo zamani halikuwapo kabisa.

Sasa tuirudie karatasi. Jina, saini, anwani, tarehe. Chini kabisa kuna sehemu ya yule anayekusanya, naye anasaini na kuweka tarehe akishamaliza. Akisaini asubuhi ya Jumatatu na wewe ukaweka jina lako Jumanne kwenye karatasi ile ile, saini yako imekufa. Hujafanya kosa, lakini haihesabiwi. Zikifika Lansing, makao makuu ya jimbo, wataalamu wa uchaguzi hawapitii zote. Wanachukua sampuli na kuilinganisha na daftari la wapiga kura. Fanyeni hesabu pamoja nami: ukichukua saini 500 kati ya 425,000, kila moja imebeba wenzake 850. Saini moja mbovu ndani ya sampuli inazama na kundi zima.

Na wanaoghushi wapo. Mwaka 2022, kwenye karatasi za saini za wagombea, wakiwemo wa ugavana, maofisa walibaini wakusanyaji 36 waliowasilisha angalau saini 68,000 zisizo halali. Wagombea ugavana watano wakatoka kwenye kinyang'anyiro. Wakusanyaji wengi siku hizi wanalipwa, na sheria haikatazi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaamua mwaka 1988, kwenye kesi iliyotoka Colorado, kwamba kumlipa mtu akusanye saini hakuwezi kupigwa marufuku. Kwa hiyo usimchukie kijana wa kibao, anatafuta riziki. Lakini anayemlipa ni nani, hilo uliza.

Baada ya hesabu kuna bodi ya watu wanne, wawili kila chama. Mwaka 2022 ilipelekewa pendekezo la haki ya uzazi na utoaji mimba, lenye saini 753,759. Sitawaambia mlipaswa kupiga kura gani, kila mtu na imani yake. Ninachotaka mkione ni hiki: wajumbe wawili walikataa kwa hoja kwamba nafasi kati ya maneno kwenye karatasi zilikuwa finyu mno, maneno yameshikana. Nafasi kati ya maneno, ndugu zangu! Wawili kwa wawili, hoja ikakwama, mpaka Mahakama ya Juu ya Michigan ikaamuru iwekwe kwenye kura.

Jambo linaloniuma zaidi ni la mishahara, maana wengi humu tunaishi kwa saa. Mwaka 2018 wananchi walikusanya saini ili kima cha chini kifike dola 12 kwa saa ifikapo 2022, pamoja na hoja nyingine ya likizo ya ugonjwa yenye malipo. Sasa, katiba inasema hoja ya sheria ikishatimiza saini, Bunge linapewa siku 40 za vikao. Likiipitisha lenyewe, inakuwa sheria bila kwenda kwa wapiga kura. Wabunge wakazipitisha Septemba. Watu wakashangilia, wakakunja mabango. Uchaguzi ulipopita, Desemba, wabunge wale wale wakazifungua na kuzibadilisha: dola 12 zikasogezwa hadi 2030.

Kwa nini wapitie njia hiyo? Sheria iliyopitishwa na wapiga kura haiguswi na Bunge mpaka robo tatu ya kila baraza ikubali. Sheria waliyoipitisha wao wenyewe inabadilika kwa wingi wa kawaida tu. Waliikumbatia hoja ili waipunguze nguvu.

Kesi ilikwenda miaka. Julai 31, 2024, Mahakama ya Juu, wanne kwa watatu, ikasema kuipitisha hoja ya wananchi na kuikatakata katika kikao kile kile ni kuvunja katiba. Februari 2025 kima cha chini kikapanda hadi dola 12.48, baada ya Bunge kuingia tena na kurekebisha. Hesabuni mfanyakazi wa jikoni alipoteza kiasi gani katika miaka yote ile.

Wenzetu kutoka Kenya wanalijua jambo hili. Katiba ya 2010 inawapa mlango wa saini milioni moja, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kuwa rais hawezi kupitia mlango huo, maana ni wa wananchi. Uamuzi ule niliupenda.

Sasa neno kwa ambao bado hamjapata uraia, mwenye kadi ya kijani na mkimbizi. Usisaini karatasi hii, hata ukibembelezwa. Inataka mpiga kura aliyesajiliwa, na kujitangaza mpiga kura wakati hujawa raia kunaweza kuharibu faili lako la uhamiaji. Mwambie tu, "Bado sijawa raia," upite zako. Nyumbani unaweza kuwasomea wenye haki ya kusaini, na kwa mtoto wako aliyetimiza miaka 18 na mwenye uraia, kazi hiyo ni kubwa.

Nimekuja na nakala za hoja moja inayozunguka sasa. Zipitisheni safu kwa safu. Kalamu wekeni mfukoni kwanza. Tutasoma maandishi madogo yote kwa sauti, sentensi kwa sentensi, na mahali Kiingereza kinapokwama tutatafsiri pamoja. Mama pale mbele, tuanzie kwako.