Kumkamatia kinyonga wadudu wa porini: wavu, taa na kupembua

Karibu mtazamaji. Leo tunakamata chakula cha kinyonga bila kwenda dukani. Tunao wawili akilini: yule wa pembe tatu wa nyanda za juu za Kenya, na yule wa kijani wa pwani na savana mwenye mikunjo ya ngozi nyuma ya kichwa. Nchini Kenya kinyonga ni mnyamapori, na kumfuga kunataka kibali cha KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013. Kama huna, weka wavu chini kwanza, ushughulikie hilo.

Tuanze na mahali, maana hapo ndipo vinyonga wengi huponzwa. Mdudu aliyeguswa na dawa bado anatembea, bado anavutia, na kinyonga atamla. Kwa hiyo usikamate kwenye shamba la nyanya, sukuma, maua au kahawa. Mahindi pia yaache: tangu viwavijeshi vamizi waingie Kenya mwaka 2017, wakulima wengi huyapulizia. Epuka nyasi za karibu na josho la ng'ombe, kando ya barabara kubwa, na uani kwa jirani anayepulizia dawa ya mende. Nzige wakivamia na serikali ikapulizia, kama mwaka 2020, usikamate kitu eneo hilo. Mahali pazuri ni nyasi ndefu zilizochanganyika na magugu yenye maua, ambapo unajua kwa hakika kwamba hapajapigwa dawa msimu huo. Muulize mwenye shamba. Usikisie.

Sasa wavu. Chukua waya mgumu, ukunje duara la upana wa sentimita 35 hadi 40, ncha zake uzifunge kwenye mpini wa mita moja. Ufito wa mianzi au mti wa fagio unatosha. Mfuko uwe na kina cha sentimita 70 hivi, karibu mara mbili ya upana wa mdomo. Ukiwa mfupi, panzi anaruka na kutoka kabla hujaufunga. Kwa kupigia nyasi tumia kitambaa kigumu cha pamba, kwa mfano foronya ya zamani, kwa sababu pazia la neti litachanwa na miiba siku ya kwanza.

Na hapa sikiliza vizuri: usishone mfuko huu kwa chandarua cha mbu. Vyandarua vingi vinavyogawiwa vimetiwa dawa ya kuua wadudu. Utakamata vizuri, kisha utamlisha kinyonga sumu uliyoishona mwenyewe.

Tazama jinsi ya kupiga. Mdomo wa wavu unatangulia, unapita kwenye theluthi ya juu ya nyasi, kushoto kwenda kulia, unageuza kiganja, unarudi. Piga hatua moja kwa kila pigo. Baada ya mapigo 20, geuza mpini ili mfuko ujikunje juu ya waya na mdomo uzibe. Usiendelee hadi 50, maana wale wa mwanzo watakuwa wamepondwa na mbegu na majani. Wakati mzuri ni saa nne asubuhi hadi saa sita, umande ukiwa umekauka. Mfuko uliolowa huwagandisha wadudu wadogo na kuwaua. Kama unataka panzi tu, toka alfajiri bila wavu: wakati wa baridi hawana nguvu ya kuruka, unawachuma kwa mkono kama mboga.

Usiku tunatumia taa. Tundika shuka jeupe ukutani au kwenye kamba, mbele yake balbu nyeupe inayoelekea ubluu. Ile ya manjano huita wachache. Saa moja hadi saa tatu usiku inatosha. Mbalamwezi ikiwa kali utaambulia kidogo, kwa hiyo ngoja usiku wa giza, hasa wenye joto baada ya mvua. Wanaokuja ni nondo, senene, nyenje na mbawakavu wadogo. Wafunike kwa kopo la plastiki lenye mdomo mpana, kisha uteleze karatasi chini yake. Kumbikumbi wa mvua za kwanza wanakamatwa kwa beseni la maji chini ya taa, kama kawaida, lakini kwa kinyonga maji yawe kidogo sana na uwatoe haraka: kinyonga hupiga ulimi kwa kitu kinachotembea, aliyezama hatamgusa. Kumbikumbi wana mafuta mengi, kwa hiyo wawe kitoweo cha siku moja au mbili, usimjazie wiki nzima.

Watoto wa kinyonga wanahitaji vinzi vya matunda. Weka ganda la ndizi mbivu kwenye kisahani ndani ya tundu lao la wavu. Vinzi vitapenya vyenyewe, na watoto watajipanga kwenye tawi la juu yake. Sisimizi nao watanusa, kwa hiyo simamisha miguu ya tundu kwenye makopo ya maji yenye matone machache ya sabuni. Siafu wakiingia usiku, asubuhi hutakuta kinyonga hai. Nzi wa nyama na wa chooni usiwaite kabisa.

Turudi kwenye mfuko wetu, tupembue. Mimina kidogo kidogo kwenye beseni jeupe lenye kuta ndefu. Kuna kanuni moja inayookoa muda: panzi asiyekukimbia ana sababu. Yule mkubwa mwenye nyeusi, manjano na nyekundu, anayetembea polepole na kunuka, amekula mimea ya sumu na ameihifadhi mwilini. Mtoe. Toa kimulimuli, sumu yake inaweza kuua mjusi. Toa mbawakavu weusi wenye mikanda ya manjano au nyekundu wanaokaa juu ya maua, ambao maji yao hutia malengelenge. Toa kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe. Viwavi wenye manyoya, jongoo, tandu, kunguni wa mimea wanaonuka, nyuki na nyigu, wote nje. Nairobi flai, yule mwembamba mwekundu na mweusi, usimponde kwa kidole. Mpulize, la sivyo ngozi yako itaungua. Viwavi laini ni chakula kizuri, isipokuwa waliotoka kwenye nyanya au tumbaku.

Ukiona kinachofanana na nyuki, hesabu mabawa kabla ya kumtupa. Nzi wa maua ana mawili tu, nyuki ana manne, na nzi huyo kinyonga humpenda sana.

Angalia na ukubwa: mdudu asizidi upana wa kichwa cha kinyonga, toka jicho hadi jicho. Panzi mkubwa mbane paja la nyuma. Atauachia mguu mwenyewe. Miiba ya mguu huo hukwaruza koo.

Waliobaki hawaliwi leo. Waweke kwenye ndoo ya lita 10, ndani vipande vya trei za mayai, juu kitambaa chepesi kilichofungwa kwa mpira. Wape mchicha, sukuma uliyoiosha na kipande cha karoti badala ya bakuli la maji, maana humo watazama. Subiri saa 24. Ukikuta wengi wamelala chali wakitetemeka miguu, hiyo ni dalili ya dawa. Mwaga fungu lote, hata wale wanaoruka, na mahali pale usirudi. Kuwagandisha kwenye friza ili kuua minyoo hakusaidii hapa, kwa kuwa kinyonga anataka aliye hai.

Kabla ya kulisha, watie kwenye mfuko wa plastiki na unga wa kalisi (calcium) usio na fosforasi, kama robo kijiko cha chai kwa wadudu sita, utikise taratibu mpaka wawe weupe kidogo. Wadudu wengi wana fosforasi kuliko kalisi, na kinyonga asiyepata kalisi na jua hulainika mifupa: miguu inapinda, taya linalegea. Vitamini ni jambo jingine. Yule wa pembe tatu huvimba shingo akizidishiwa vitamini, kwa hiyo usimpe unga wa vitamini kila mlo.

Mkubwa apewe wadudu wanne hadi sita, siku moja ndiyo, moja hapana. Mdogo ale kila siku, wale atakaowamaliza ndani ya robo saa. Tumia kikombe cha kuta laini kilichofungwa kwenye tawi, sentimita 20 mbele yake. Jua likizama, hesabu waliobaki na uwatoe wote, hasa nyenje: usiku kinyonga analala kama mfu, nao humtafuna mkia na kope.