Kimea Tunakijua, Sasa Tuoteshe Choroko

Wakubwa zangu shikamooni. Wengine, habari za asubuhi.

Mtu akiniambia kula mbegu iliyoota ni mambo ya wageni, namuuliza: na kimea je? Bibi zetu waliloweka ulezi, wakaufunika kwa gunia hadi ukaota, wakauanika, wakausaga. Tia kijiko cha unga huo kwenye uji mzito uliopoa kidogo, uji unalegea ukiutazama. Mbegu inapoota hutoa vimeng'enya vinavyokatakata wanga. Basi mtoto anapata unga mwingi zaidi katika kikombe kilekile. Leo tunaishia katikati ya kazi ya bibi: hatuaniki, hatusagi.

Nimeleta choroko. Watu wa Mombasa, hizi ndizo pojo zenu. Nunueni za kula, sokoni. Za duka la pembejeo zenye rangirangi zimepakwa dawa, hizo ni za shambani tu. Chagua, toa zilizovunjika, maana hazioti, zinaoza na kuozesha wenzake. Vijiko vikubwa vitatu vinatosha chupa ya lita moja. Loweka usiku kucha, asubuhi mwaga maji, funga mdomo wa chupa kwa kipande cha chandarua kipya na mpira, kisha iegemeze kichwa chini kwenye bakuli ivuje. Suuza asubuhi na jioni; kwa joto la Dar es Salaam ongeza na mchana. Siku ya pili mikia imetoka, ya tatu unakula. Na choroko kavu, ambayo haikuwa na vitamini C ya maana, sasa inayo.

Wengi hukosea hapo kwenye kuvuja. Choroko inataka unyevu, haitaki kuogelea.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwaka 2011 Ujerumani watu zaidi ya 50 walifariki kwa bakteria. Kwanza matango ya Hispania yakasingiziwa, wakulima wakapata hasara, kumbe ni mbegu zilizooteshwa, na uchunguzi ukaelekea kwenye uwatu. Uwatu huuhuu wetu! Bakteria hujificha kwenye nyufa za mbegu, na joto na unyevu unaoiotesha mbegu huwazalisha na wao. Kusuuza hakuwatoi. Kwa hiyo mimi nazipika: kitunguu, bizari, tui jepesi, zichemke hasa. Mjamzito, mtoto na mzee wasile mbichi kabisa.

Maharage mekundu msiyajaribu kwa njia hii. Mabichi yana sumu hata yakiota. Mtama nao chipukizi lake lina sayanidi, ndiyo maana kimea chake hukaushwa na kufikichwa machipukizi yatoke kabla ya kusagwa.

Haya, pitisheni chupa mnuse. Hii ya kwanza inanukia majani mabichi. Ile yenye kifuniko chekundu niliisahau siku mbili bila kuisuuza. Mama wa mbele, usiifungulie karibu na uso.