Bunduki Isiyoombewa Kibali

Wazee wangu wa mwaloni, shikamooni. Ndugu zangu wote, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie kama sheria kali za bunduki zinapunguza uhalifu. Hapa Kirumba, mwalo wetu wa kushushia samaki Mwanza, kila mwenye mtumbwi ana la kusema. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, na taa ile ile inamwonyesha jambazi mlipo. Anakuja na bunduki, anawalaza chini, analegeza skrubu mbili, mashine ya mtumbwi imekwenda. Wakati mwingine anaondoka na nyavu. Wakati mwingine anaacha maiti.

Bunduki ile iliombewa kibali wapi? Tanzania tunayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Naitetea. Lakini inamshika kirahisi yule aliyekwenda polisi mwenyewe na karatasi zake.

Wanaopinga udhibiti hushikilia hapo hapo: mnamnyang'anya mwema, mnamwachia jambazi. Hutaja Chicago, jiji la Marekani lenye masharti magumu na mauaji mengi. Sikubaliani nao. Bunduki nyingi zinazokamatwa Chicago zilinunuliwa nje ya jimbo lake, na jimbo la Indiana, lenye sheria legevu, liko mlango wa pili.

Wanaounga mkono hutaja Australia. Mwaka 1996 watu 35 waliuawa kwa risasi huko Port Arthur. Serikali ikanunua na kuharibu bunduki zaidi ya 600,000, na vifo vya bunduki vikapungua. Watafiti bado wanabishana sheria ilichangia kiasi gani, maana vilikuwa vimeshaanza kushuka. Ila majimbo yote yalikubali masharti mamoja, na nchi nzima imezungukwa na bahari.

Sisi ziwa hili la Victoria tunagawana na Uganda na Kenya. Huko Kagera, vita vya majirani vya miaka ya 1990 vilituachia silaha mikononi mwa majambazi, hadi mabasi ya Biharamulo yakasindikizwa na polisi. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, makubaliano ya nchi za ukanda wetu kuhusu silaha ndogo, inataka silaha zitiwe alama, kumbukumbu zitunzwe, nchi zipeane taarifa. Nchi zote tatu zilisaini.

Kwa hiyo bunduki ikikamatwa Ukerewe, kumfunga aliyeishika hakutoshi. Namba yake ifuatiliwe mpaka ijulikane ilitoka ghala gani na ilivuka mpaka upi.

Na mashine zinazoporwa zina wanunuzi, wengine tunawafahamu. Viongozi wa BMU, kikundi chetu cha kusimamia mwalo, mmekaa hapa mbele: nawaomba kesho tuanze kuandika namba za mashine zote za mwalo huu, na asiuze mtu wala kununua bila risiti.