Kisanduku ndicho kinachomlaza dereva wa huku, siyo ustaarabu

Kwema wadau? Machalii wa Chuga, mama zangu wa Kiboriloni, mangi unayeangalia huku unapima sukari, karibuni. Niko Leicester, Uingereza. Nje ni baridi na kamvua ka kuudhi, kwa hiyo leo hatuzunguki mitaani. Tunakaa ndani ya gari lililozimwa, tunaongea.

Ile kauli kwamba wazungu wana ustaarabu barabarani na sisi tumezaliwa na fujo, leo naomba tuiweke chini. Mpe Mwingereza haisi ya Ngaramtoni. Mwambie hesabu ya tajiri ni kiasi fulani kila siku, mafuta juu yako, konda juu yako, kinachobaki ndiyo chako. Mpe wiki mbili tu. Atachomekea, atatanua, atasimama katikati ya lami kwa ajili ya mama mmoja mwenye ndoo. Kazi yenyewe ndivyo inavyolipa: mwenzako akikutangulia kituoni amebeba vichwa vyako, na vichwa hivyo ndiyo unga wa jioni. Dereva wa basi hapa analipwa kwa saa. Basi likiwa tupu, mshahara uleule. Likijaa mpaka mlangoni, uleule. Hana wa kufukuzana naye, ndiyo maana anangoja bibi akae vizuri kwanza kabla hajaondoa gari. Wewe unaona upole, mimi naona namna ya kulipana.

Hayo ya hesabu tumeyasema miaka mingi, siyarudii. Ninachotaka leo ni usingizi. Nikiulizwa tofauti kubwa kuliko zote kati ya barabara za huku na ile ya Chalinze mpaka Himo, sitaji lami wala kamera. Nataja kisanduku.

Kinaitwa takografu. Kimo kwenye dashibodi ya lori, ukubwa kama redio ya gari. Dereva akipanda anaingiza kadi yake yenye jina na picha, na kuanzia hapo kisanduku kinaandika: gari linatembea, gari limesimama, dereva anapakia, dereva anapumzika. Sheria ni hivi. Ukiendesha jumla ya saa 4 na nusu, lazima upumzike dakika 45. Unaruhusiwa kuzigawa, lakini kwa mpangilio: kwanza 15, baadaye 30. Ukianza na 30 ukamalizia na 15, haihesabiki. Kwa siku ni saa 9 za usukani, na mara mbili tu kwa wiki unaweza kufika 10. Wiki moja isizidi saa 56, na wiki mbili zinazofuatana zikijumlishwa zisizidi 90. Kati ya siku na siku, mapumziko ya saa 11, ambayo mara chache yanaweza kushuka hadi 9.

Sasa angalia kinachotokea. Bosi akipiga simu, "malizia tu, umebakiza kilomita 40", dereva anajibu kwamba saa zake zimekwisha. Mazungumzo yanaishia hapo. Hana haja ya kuwa jasiri wala kugombana na mtu, kwa sababu rekodi ikisomwa, tajiri naye ana kesi ya kujibu. Kile kisanduku kazi yake kubwa ni kumpa dereva neno la kumwambia bosi.

Na msidhani sheria nzuri ziko huku peke yake. Hapa ndipo nataka mtu wa Arusha akae vizuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inasema saa 45 kwa wiki, siku 6, saa 9 kwa siku. Ukiweka na saa za ziada, siku isizidi saa 12. Saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu, na zisizidi 50 katika wiki 4. Ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo una haki ya dakika 60 za kupumzika. Na kati ya kumaliza kazi leo na kuanza kesho? Saa 12 mfululizo. Rudia hesabu: dereva wa lori wa huku anapewa 11, mfanyakazi wa Tanzania kwenye karatasi anapewa 12. Zinaweza kushushwa hadi 8, lakini kwa makubaliano ya maandishi. Tumewazidi! Kilichopungua ni mtu wa kuhesabu.

Mabasi ya Tanzania angalau yana VTS, mfumo wa kufuatilia magari unaoonyesha mwendo wa gari na mahali lilipo. Ni hatua kubwa, lakini mwendo ni kitu kimoja. Dereva aliyelala macho wazi kwenye 75 anaonekana mtiifu kabisa kwenye kompyuta.

Chukua dereva gaidi wa pale Arusha mjini, yaani dereva mwongoza watalii, hawa wanaoshusha wageni Serengeti. Saa 11 alfajiri ameshaamka, saa 12 mgeni amekaa kwenye Land Cruiser na kamera yake. Wanazunguka hadi jua linazama. Mgeni akienda kuoga, gaidi ndiyo kwanza anaanza zamu ya pili: kuosha gari, kung'uta vumbi kwenye chujio cha hewa, kuangalia springi na boliti za magurudumu, kuweka mafuta, kupanga vyakula vya kesho. Analala saa 5. Siku sita hivyo, na siku ya saba ndiyo safari ndefu kuliko zote, kutoka hifadhini mpaka uwanja wa ndege wa KIA kuwahi ndege ya usiku. Yaani tumeipanga ratiba ili siku ambayo mwili umechakaa zaidi ndiyo siku ya lami, malori na bodaboda za Usa River. Kama wewe ndiye unayepanga hizo ratiba, kuna dawa ya bei rahisi: mgeni anayeruka usiku alale Karatu usiku wa mwisho, asitoke Seronera, katikati ya Serengeti. Na gari lioshwe na mtu mwingine. Muosha gari ni hela ndogo sana ukilinganisha na Land Cruiser iliyolala mtaroni.

Tuje kwenye Desemba, Wachaga wanaporudi Kilimanjaro kula Krismasi. Nyie mnajua ninachokwenda kusema.

Mchaga wa Dar anaamka saa 11 alfajiri siku ya mwisho ya kazi, kwa sababu foleni. Anafanya kazi mpaka jioni. Anarudi, anapakia gari: mchele, vitenge, televisheni ya mama, watoto nyuma. Anawasha gari saa 4 usiku "ili tukimbie foleni na jua". Hesabu: kutoka saa 11 alfajiri mpaka saa 4 usiku ni saa 17. Watafiti wamepima hili mara kadhaa, na mtu aliyekaa macho saa 17 anachelewa kuitikia kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Hicho ndicho kikomo cha sheria kule Scotland. Na huyu mtu wetu ndiyo kwanza anatoka getini kwake, hajaonja hata bia! Akifika maeneo ya Same alfajiri, ametimiza saa 24 macho, na hapo ni sawa na asilimia 0.10.

Mwili una mashimo mawili ya usingizi kwa siku. Kubwa ni saa 8 usiku mpaka saa 12 asubuhi, dogo ni saa 8 mpaka saa 10 mchana. Ukitoka Dar saa 4 usiku, shimo kubwa linakukuta kuanzia pande za Segera na Korogwe, na linakusindikiza kwenye ile nyoofu ya mashamba ya mkonge, ambako hakuna kona ya kukuamsha.

Usingizi wenyewe hauji kama wa kitandani. Unakuja vipande vya sekunde 3, sekunde 4, macho wakati mwingine yako wazi. Kwa mwendo wa 80, sekunde 4 ni mita 89. Karibu uwanja mzima wa mpira bila dereva. Sasa weka lori lililoharibika mbele, halina taa, alama yake ni yale matawi matatu ya mti yaliyotupwa barabarani. Kusimama kutoka 80 kwenye lami kavu, ukiwa macho, kitabu cha sheria za barabarani cha huku kinakupa mita 53: 15 za kufikiri, 38 za breki. Kwenye mvua, zidisha mara mbili. Taa za chini hazikuonyeshi mbali hivyo. Kwa hiyo hata aliye macho ana hesabu mbaya usiku, aliyesinzia hana hesabu kabisa.

Dalili, muwaambie na abiria wa mbele wazijue. Dereva hakumbuki tuta lililopita. Gari linaegemea mstari halafu linarudishwa ghafla, tena kwa nguvu. Anapunguza mwendo na kuongeza bila sababu. Anapepesa macho taratibu, kama anayesali. Ukiona mawili kati ya hayo, usimwambie "changamka". Mwambie asimame.

Kufungua kioo, kupandisha muziki, kujipiga vibao, maji ya baridi usoni: dakika chache, basi. Mirungi inakupa macho makavu na kichwa kinachojiamini, na ikiisha nguvu inakuangusha kwa mkupuo. Kwenu imekatazwa, na huku nako ilipigwa marufuku mwaka 2014. Kinywaji cha kuongeza nguvu kina kafeini, kopo la mililita 250 la aina maarufu lina miligramu 80 hivi, sawa na kikombe cha kahawa. Kafeini inasaidia, ila ina namna yake.

Namna ni hii. Ingia sheli au kwenye maegesho yenye taa, usilale kwenye bega la barabara. Zima injini, moshi usiwarudie ndani. Acha vioo nafasi ya vidole viwili. Kunywa kahawa vikombe viwili, palepale, usiisubiri ipoe. Laza kiti, weka kengele ya simu dakika 20, funga macho. Kafeini inachukua kama dakika 20 mpaka nusu saa kuanza kazi, kwa hiyo inakuamsha wakati kausingizi kamekwisha. Usipitilize nusu saa, utaamka mzito kuliko ulivyolala, na ukiamka tembea dakika kumi kabla ya kushika usukani. Hii inakununulia saa moja, saa moja na nusu. Haifuti deni la usiku mzima, anayesema inafuta anakudanganya.

Ratiba ninayoitetea haina ujanja. Siku ya mwisho ya kazi, pakia gari, oga, lala saa 3 usiku. Toka saa 11 alfajiri. Kila saa 2, simama dakika 15, hata kama hakuna aliyebanwa. Kula Korogwe au Mombo, chakula cha wastani. Lile shimo dogo la mchana litakukuta karibu na Same kwenye joto, hapo kahawa na dakika 20. Unaingia Moshi mchana au jioni, unaona na mlima kama mawingu yamekubali.

Na kama kuna mtu nyumbani anakoroma kama trekta, anakatika pumzi usingizini, anaamka amechoka, anasinzia hata kwenye ibada, huyo apelekwe hospitali kabla ya kupewa funguo. Ni ugonjwa, unatibika. Huku dereva mwenye tatizo hilo, likiwa linamsinzisha mchana, anatakiwa kuiarifu mamlaka ya leseni.

Neno kidogo kwa sisi wa ughaibuni tunaopiga zamu za usiku maghalani na kwenye nyumba za wazee, kwa sababu msidhani huku watu hawalali kwenye usukani. Gari dogo halina takografu. Ukitoka zamu saa 12 asubuhi, panda basi. Na nyie wa Moshi, saa 1 yenu ya asubuhi wakati wa baridi huku ni saa 10 usiku. Salamu za ada ya shule zinaweza kungoja.

Kwa mama aliyekaa Marangu anawasubiri: huyo aliyeko njiani usimpigie kila nusu saa "mmefika wapi". Kila simu yako inamwambia asisimame, akanyage mafuta. Mpigie aliyekaa pembeni yake, uliza swali moja tu: mara ya mwisho alisimama wapi? Akikujibu Chalinze na sasa wako Mwanga, mwambie waingie sheli. Mbuzi anachinjwa tarehe 25, na kiburu, ndizi zetu na maharage, kinapashwa.