Kwaresima, Jani la Isale na Mpaka wa Kihamba

KAKA: Karibuni tena, wapendwa wasikilizaji. Dada, tumo katikati ya Kwaresima, na foleni za kuungama zimeanza kurefuka parokiani. Swali langu ni hili: mtu aliyesogeza mpaka akamega kihamba, yaani shamba la ukoo, cha ndugu yake, kisha akaungama, akapewa maondoleo na malipizi ya kusali rozari, je, amemaliza?

DADA: Hajamaliza, kaka. Katika Mathayo 5:23-24, Yesu anamtaka mwenye sadaka aiache mbele ya madhabahu, akapatane kwanza na ndugu yake, ndipo arudi kuitoa. Na anayetumwa kwenda ni yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake, ilhali sisi tumezoea kumsukuma aliyekosewa ndiye aanze. Mafundisho ya Kanisa kuhusu Kitubio nayo yako wazi: maondoleo huondoa dhambi, lakini madhara aliyoyapata jirani sharti yafidiwe kadiri inavyowezekana.

KAKA: Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili ya Luka, aliahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu.

DADA: Naam, tena bila kushurutishwa.

KAKA: Kwetu Uchagani, huko Kilimanjaro, jambo hili lina njia yake, ya kale kuliko parokia zetu. Mkosaji huchukua jani la isale, mmea uleule unaopandwa mipakani mwa vihamba na penye makaburi ya wazee, akampelekea aliyekosewa kuomba msamaha. Likishafikishwa, kulikataa ni jambo zito mno.

DADA: Hapo ndipo ninaposita, maana uzito huo huweza kugeuzwa fimbo. Chukulia mjane aliyepokonywa ardhi na shemeji zake: analetewa isale, ukoo mzima umeketi sebuleni ukimtazama, naye atasema nini zaidi ya kwamba amesamehe, huku mikungu ya migomba aliyoipanda mwenyewe ikiendelea kukatwa na wengine? Huko ni kumnyamazisha, na kumnyamazisha kwa jina la Kwaresima ni vibaya zaidi.

KAKA: Nakubali, ijapokuwa nisingependa tulilaumu jani. Wazee makini huisikiliza kesi kwanza.

DADA: Basi jumuiya ndogo ndogo za waumini parokiani nazo zifanye hivyo. Zimsikilize mjane akiwa peke yake, zimruhusu kusema kwamba bado hajawa tayari, kisha mpaka urudishwe mbele ya mashahidi, hata kama Pasaka itapita kwanza. Moyoni anaweza kusamehe leo hii, hata kama shemeji hajatubu. Lakini kupatana hakuwezi kufanywa na mtu mmoja.

KAKA: Na huyo shemeji, apokee Komunyo siku ya Pasaka?

DADA: Hilo ni lake na padre wake kwenye kiti cha maungamo, mimi sitaliingilia. Ila padre akimwuliza kama amekwisha kumrudishia mjane kihamba chake, jibu la kwamba alipeleka isale halitatosha.