Mama na Troli Lake: Kejeli ya Duane Hanson

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Naomba leo tukae na sanamu moja kwa kituo, hizo nyingine tuzipitie.

Ni ya mwaka 1970. Mama mnene wa Kimarekani anasukuma troli la supamaketi. Nywele ziko kwenye rola, sigara mdomoni, sketi imembana. Troli limefurika maboksi, makopo na pakiti, chapa juu ya chapa. Kimo chake ni cha mtu hasa, wala hakupandishwa jukwaani. Yuko chini, sakafu moja na anayemtazama.

Aliyemtengeneza ni Duane Hanson, aliyezaliwa mwaka 1925 katika jimbo la Minnesota, Marekani. Kiswahili kitamwita mchongaji, ila huyu hakuchonga. Alichukua kalibu kwenye mwili wa mtu hai, kiungo kwa kiungo, akajaza rezini ya poliesta, yaani plastiki ya majimaji inayoganda, iliyotiwa nguvu kwa faibaglasi, nyuzi za kioo. Baada ya kuviunga viungo alipaka rangi kwa uvumilivu wa ajabu, hadi mishipa na mabaka ya ngozi yakaonekana. Halafu akavalisha nguo za kweli, zilizokwisha kuvaliwa.

Wakati huo Marekani ilikuwa imeshazoea sanaa ya bidhaa. Msanii Andy Warhol alichora makopo yake ya supu mwaka 1962. Lakini kopo la Warhol liko peke yake, halina mlaji. Hanson alituletea mtu anayelibeba kopo hilo mpaka nyumbani, na kwangu mimi hiyo ni hatua kubwa.

Wako wanaodai alimcheka mama huyu. Sikubaliani nao. Mtazameni usoni: macho hayako kwenye chochote alichonunua. Kilichoshiba pale ni troli, mwenyewe amechoka. Kejeli inaliangukia soko lililomwahidi raha kwa kila pakiti, likamwachia uso ule. Mtu hutumia siku nyingi kupaka rangi mishipa ya mkono anaoudharau? Mimi siamini.

Mwaka huohuo wa 1970 Hanson alitengeneza watalii wawili, mume na mke wa makamo, ambao sasa wako Edinburgh, kwenye mkusanyiko wa sanaa wa taifa la Uskoti. Bwana amevaa shati la maua na kujitundika vifaa vya kupigia picha. Wote wawili wametazama juu, kitu gani hatuonyeshwi. Hapo kicheko ni chepesi zaidi, nakiri.

Kadiri miaka ilivyokwenda, ukali ulipungua, akawageukia watu wa kazi. Hanson alifariki mwaka 1996 kwa saratani. Miaka minane kabla alikuwa ametengeneza "Queenie II", mama mweusi mfanya usafi, amevaa sare ya kazi. Naye anasukuma kigari. Humo mna vifaa vya kufagilia na takataka za watu wengine.